Bega la Kulia la Baba Mwasisi

Katika nchi ya Kaulimoja, ambayo msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani maana haipo na wala watu wake hatuwajui, serikali iligundua kwamba watoto wa shule hawaipendi historia. Ugunduzi huo ulifanywa na kamati ya watu kumi na wanne. Walizunguka nchi nzima miezi minane, wakalala kwenye hoteli nzuri, na mwisho wakaandika kwamba watoto wanachoshwa na kukariri. Wizara ya Elimu na Kumbukumbu Rasmi ilishtuka kwelikweli, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine ambacho watoto walikuwa wakifanya.

Basi waraka ukatoka. Kuanzia muhula ule historia ingefundishwa kwa vitendo, tena iwe historia ya mahali penyewe mtoto anapoishi. Aiguse, ainuse, ikiwezekana aionje. "Mtoto asiyeigusa historia," waraka ulisema, "ni sawasawa na mtoto ambaye hajaigusa historia." Wakuu wa shule walisomewa maneno hayo wakiwa wamesimama, nao wakayapigia makofi.

Wilaya zikashindana kutekeleza. Moja ilichagua njaa ya mwaka wa nzige. Wanafunzi wakashinda siku mbili bila kula, na waliozimia wakapewa alama za juu. Nyingine, ya upande wa ziwani, ilichagua kazi za shuruti za enzi ya mkoloni, watoto wakachimba barabara ya kilomita mbili iliyoishia, kwa bahati tu, mlangoni kwa Afisa Elimu. Afisa mwenyewe alitokwa na machozi alivyoona jinsi walivyoielewa mada.

Mji mdogo wa Kiwambo haukuwa na njaa ya kujivunia wala barabara ya kuchimba. Ulikuwa na gereza.

*

Gereza la Kale la Kiwambo linajulikana na kila raia wa Kaulimoja, hata asiyejua jina la jirani yake. Hapo ndipo mkoloni alipowafungia wapigania uhuru arobaini na mmoja. Na hapo, kwa mujibu wa Kitabu cha Historia, Toleo la Kumi na Tisa, Baba Mwasisi alifika peke yake asubuhi moja, akalipiga lango la chuma kwa bega lake la kulia, lango likaanguka, nchi ikawa huru. Tangu hapo kila mwaka huadhimishwa Siku ya Bega, na watu wazima na heshima zao hupita mbele ya jukwaa wakitembea kwa ubavu, bega la kulia mbele. Sanamu zake zimejaa miji yote, na kila zinapokarabatiwa bega huongezwa kidogo, hata ile ya makao makuu sasa bega limekipita kichwa.

Anayezuru Kiwambo hukuta lango limesimama vilevile, halina hata alama ya kubonyea. Kitabu kinalieleza jambo hilo katika tanbihi: lango lilijinyoosha lenyewe kwa heshima.

Mwalimu Sihaba alikuwa amefundisha tanbihi hiyo miaka kumi na tisa katika Shule ya Msingi Kiwambo B. Alijua kulichora lile bega ubaoni kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukimfinya mtoto anayesinzia. Si kwamba aliamini. Wenyeji wa Kiwambo wote walikuwa na habari nyingine ya asubuhi ile, habari ambayo bibi zao waliisema wakichambua mchele, kwa sauti ya chini, na wakikohoa mtu akipita. Sihaba aliisikia utotoni. Lakini alikuwa na kazi, alikuwa na mama mgonjwa, na alikuwa na msemo aliouishi kama wengine wanavyoishi dini: funika kombe mwanaharamu apite. Alifunika. Mwanaharamu alikuwa bado anapita tu, mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuonyesha dalili ya kumaliza kupita.

*

Siku ya somo aliwapanga wanafunzi wake thelathini na mmoja wa darasa la sita, wakaenda gerezani wakiimba. Langoni walipokewa na Koplo Kasanzu, mlinzi pekee wa mahali pale, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na mfungwa wa kumlinda na jambo hilo lilikuwa limemuumiza sana.

"Shikamoo afande!" watoto wakaamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Simameni mstari mmoja. Majina."

Akafungua daftari kubwa la ngozi, limeliwa na mende pembeni, akaanza kuandika. Jina la mtoto, la baba, la ukoo, alama za mwilini. Sihaba alicheka kwanza.

"Afande, hao ni wanafunzi. Tumekuja kutazama."

"Kutazama ni nadharia, mwalimu. Waraka umesema vitendo." Koplo alinyanyua kalamu. "Kwani kitendo cha kufungwa kinaanzia wapi? Kinaanzia daftarini. Na wewe jina lako?"

"Mimi?"

"Namba thelathini na mbili. Alama za mwilini?"

Hakumtania. Akawaingiza wote katika seli kubwa ya mbele, iliyo nyuma tu ya lango kuu, akafunga lango, na ufunguo akampa tarishi wa baiskeli aupeleke wilayani kwa Bwana Matimbwa, Mkuu wa Kumbukumbu, maana kwa mujibu wa utaratibu anayefunga siye anayefungua. Tarishi alipokwisha kukata kona, Koplo ndipo alipoeleza, kwa upole kabisa, kwamba gereza lile halikuwahi kufungwa rasmi. Watu walitoka tu. Sheria yake ilikuwa hai, daftari lake lilikuwa hai, na aliyeandikwa humo hawezi kutoka bila hati ya kuachiwa.

"Na hiyo hati inatoka lini?"

"Mheshimiwa akifika atawafanyia mtihani mdogo wa mdomo. Anayefaulu anapewa hati. Usihofu mwalimu, swali ni moja."

"Na anayefeli?"

Koplo Kasanzu alionekana kuonea swali lile aibu. "Anarudia muhula ujao," akasema.

Sihaba akatazama paa la bati, akatazama ile ndoo iliyowekwa pembeni kwa haja zote, akawatazama watoto wa watu thelathini na mmoja ambao mama zao walikuwa wamewaambia warudi saa nane wale.

*

Saa ya kwanza ilikuwa mchezo. Watoto walipeana zamu ya kushika nondo na kulia kama mashujaa. Saa ya pili wakaanza kutaka maji. Saa ya tatu mmoja akaitumia ndoo, wengine wakageukia ukutani kwa adabu, na baada ya hapo hapakuwa tena na mchezo. Joto lilishuka kutoka kwenye bati. Sihaba aliwaimbisha mpaka sauti ikamkauka.

"Mwalimu, tumefanya nini?" aliuliza mtoto wa mbele.

"Hamjafanya kitu. Ni somo."

"Litaisha saa ngapi?"

Alimjibu kwamba litaisha sasa hivi, akaona mtoto hajaridhika, na yeye mwenyewe hakuridhika.

Koplo, kwa kuwahurumia, akawapitishia lile daftari kati ya nondo. "Haya, someni. Ni zana ya kufundishia hiyo." Akarudi kwenye kiti chake cha kivulini.

Aliyelipokea ni Siwema, msichana mdogo kuliko wote na mwenye bahati mbaya ya kujua kusoma kila aina ya mwandiko. Akalifunua kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kurasa mbili tu nyuma ya majina yao wenyewe, wino ulikuwa umebadilika rangi ya chai. Akasoma kwa sauti, kama Sihaba alivyomfundisha, akifuatisha kidole:

"Saa moja na robo asubuhi. Mpishi wa uji, Mashavu binti Sefu, amechukua ufunguo msumarini. Amefungua lango kuu. Amesema, tokeni, uji unapoa. Mahabusu arobaini na mmoja wametoka. Askari walikuwa wanakula. Karani wa zamu, Makambi Tindwa, hakufika kazini. Ana mafua. Nimeandika mimi, Sajini."

Makambi Tindwa ni jina ambalo kila mtoto wa Kaulimoja huliimba kila asubuhi bendera ikipanda. Ni jina la uwanja wa ndege, la hospitali, la aina tatu za mahindi. Ndiye Baba Mwasisi.

"Mwalimu," Siwema akasema taratibu, "huyu Mashavu binti Sefu ni kwetu. Ndiye aliyemzaa bibi yangu. Nyumbani wakimtaja mama hufunga dirisha."

"Funga daftari, Siwema."

"Lakini mwalimu, imeandikwa..."

"Nimesema funga!"

Mtoto akafunga. Hata hivyo masikio ya wenzake thelathini yalikwisha kusikia, na sikio halina kifuniko. Sihaba akaketi chini sakafuni. Maisha yake yote alikuwa akitamani kuyaona maneno yale yameandikwa mahali, na sasa alipoyaona alitamani mende wangefanya kazi kwa bidii zaidi.

*

Bwana Matimbwa aliwasili saa nane na gari, tarishi, ufunguo na begi la mihuri. Alikuwa mnene, mwenye suti ya vipande vitatu, na alianza na hotuba kama mtu anavyoanza na mkono wa kulia.

"Watoto wapendwa wa Kiwambo! Leo mmeonja uchungu wa mashujaa. Serikali yenu sikivu imewafunga kwa mapenzi makubwa. Nchi nyingine watoto wao husoma habari za magereza vitabuni tu, maskini wa Mungu, hawajui hata harufu yake. Ninyi mnaijua. Nani kama ninyi?"

"Hakunaaa!" watoto wakaitika, maana walizoea.

Meza ikawekwa nje ya lango. Koplo akalichukua tena daftari, mtihani ukaanza kwa kufuata majina yaliyomo. Kila mtoto aliitwa mlangoni, akaulizwa swali moja: nani alilifungua lango hili, na kwa kutumia nini? Kumi na wawili wa kwanza walijibu kwa mazoea, Baba Mwasisi, kwa bega lake la kulia, wakagongewa muhuri, wakatoka wakikimbilia bomba la maji. Sihaba akaanza kupumua. Wa kumi na tatu alikuwa Siwema.

"Nani alilifungua lango hili, na kwa kutumia nini?"

"Bibi yetu Mashavu," alisema Siwema. "Kwa ufunguo."

Bwana Matimbwa alitabasamu, akadhani mtoto ana njaa. Akarudia swali. Siwema akarudia jibu, akaongeza kwamba uji ulikuwa unapoa.

"Nani kamfundisha huyu?"

"Daftari," akajibu Siwema, naye akalinyooshea kidole, kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu anayetaja marejeo yake.

Mheshimiwa alilisoma lile daftari akiwa amesimama. Alipofika kwenye mafua ilibidi aketi. Ukurasa hakuweza kuuchana, maana kurasa za magereza zina namba na kila mwaka huhesabiwa. Akafikiri kidogo, akafungua begi, akatoa muhuri mwekundu ambao hutolewa kwa maofisa wa daraja la kwanza peke yao, akaugonga juu ya asubuhi ile nzima: HAIKUTOKEA. Kisha akautia sahihi na tarehe.

"Rudisha wote ndani," akasema. "Mtihani umevuja."

Wale kumi na wawili wakarudishwa, nywele zikiwa bado zinadondosha maji. Mmoja alianza kulia, na kilio cha watoto ni kama kupiga miayo, kikaenda seli nzima.

"Saa tisa na nusu nafunga ofisi," Bwana Matimbwa akatangaza akitazama saa yake. "Na safari hii nataka majibu yenye sauti. Atakayesitasita, atakayetabasamu, atakayetazama daftari, tutaonana muhula ujao. Mwalimu! Wanafunzi wako hao. Una dakika ishirini za kuwaweka sawa."

*

Sihaba akawakusanya kwenye pembe ya mbali na ndoo. Alizijua nyuso zile moja moja. Alimjua anayekojoa kitandani mpaka leo, alimjua anayelala na bibi kipofu ambaye hana mwingine wa kumchotea maji. Alipiga moyo konde.

"Sikilizeni wanangu. Mtasema Baba Mwasisi, kwa bega lake la kulia. Mtasema kwa nguvu, mkimtazama usoni. Ni maneno tu. Mradi mtoke."

"Lakini si kweli," mtoto mmoja akanong'ona.

"Najua."

Lilimtoka hivyo hivyo, neno moja, baada ya miaka kumi na tisa. Watoto wakamtazama. Hakuna aliyeuliza alijua tangu lini, na alishukuru kwa hilo, ingawa aliliona swali kwenye macho yao yote.

Siwema alikuwa amejibanza ukutani. Sihaba akachuchumaa mbele yake, akamfuta kamasi kwa upindo wa kanga yake.

"Na wewe utasema, mama."

"Siwezi, mwalimu. Nikisema siye yeye, bibi atakuwa nani?"

"Atabaki bibi yako. Maneno ya kutokea mlangoni hayamwondoi mtu kaburini wala hayamfukii."

"Wenzangu watanicheka."

"Hawatakucheka. Nao watakuwa wamesema."

Siwema alilia kidogo, kilio cha kimya cha mtu mzima, ambacho Sihaba hakupenda kabisa kukiona kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Kisha akaitikia kwa kichwa. Sihaba akaona aibu ambayo hajapata kuiona maishani, aibu inayowaka masikioni. Kudanganya darasa alikuwa amezoea. Kumbembeleza mtoto adanganye, akimshika mikono, ilikuwa mara yake ya kwanza.

Basi wakaitwa. Baba Mwasisi, kwa bega lake la kulia. Baba Mwasisi, kwa bega lake la kulia. Muhuri ukagonga, lango likapumua, mtoto mmoja mmoja akatoka. Zamu ya Siwema ilipofika alisimama wima, akasema jibu lote kwa sauti ya juu kuliko wote, bila kukwama popote. Bwana Matimbwa alifurahi mno, akamwambia ana sauti ya kuwa mbunge. Siwema akapita chini ya mkono wake, akatoka, akageuka, akasimama kwa nje akishika nondo.

Thelathini na mmoja walikuwa nje. Zilibaki dakika tatu.

"Namba thelathini na mbili," alisoma Koplo Kasanzu.

Sihaba alikuwa ameshashika mkoba wake. "Hata mimi, Mheshimiwa?"

"Ni utaratibu tu, mwalimu," Bwana Matimbwa akasema, huku akifunika kalamu moja na kufungua nyingine. "Jina lako limo. Haya, upesi twende tukapumzike. Nani alilifungua lango hili, na kwa kutumia nini?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, limelainika kwa matumizi. Alijua mama yake alikuwa na zamu ya dawa saa kumi. Alijua hakuna mtu mjini ambaye angemlaumu, wote walikuwa wamelisema mara nyingi kuliko salamu. Akainua uso, akaona watoto wamejipanga kwenye nondo, wanamtazama kama wanavyotazama ubao mwalimu akishika chaki. Hawakuwa wamekasirika. Walikuwa wanasubiri kujua mtu mzima husemaje.

"Mashavu binti Sefu," alisema Sihaba. "Kwa ufunguo."

Bwana Matimbwa aliinua kichwa polepole. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wajukuu. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "umechoka. Nakurudia swali kwa hisani yangu mwenyewe, na hili jibu la kwanza sitaliandika daftarini. Nani alilifungua lango hili?"

"Mashavu binti Sefu, mpishi wa uji, mtu wa hapa hapa Kiwambo. Baba Mwasisi alikuwa na mafua."

Nje pale, mtoto mmoja alicheka, kicheko kifupi cha furaha, akajiziba mdomo. Saa ya Mheshimiwa ikagonga tisa na nusu. Akafunga begi. Koplo Kasanzu akasukuma lango, na ingawa ndiyo kazi aliyoililia miaka mingi, alilisukuma akiwa ametazama viatu vyake.

*

Muhula uliofuata Mwalimu Sihaba alifeli tena, na uliofuata huo. Dada yake amehamia kwa mama yao na ndiye anayetoa dawa. Wizara haikukasirika hata kidogo. Ripoti ya mwaka inaeleza kuwa Kiwambo ndicho kituo bora cha Historia kwa Vitendo katika Kaulimoja yote, kwa kuwa ndicho pekee chenye mahabusu halisi. Shule zinatoka mbali. Zimepangiwa siku ya Alhamisi, na ukutani pamebandikwa tangazo linaloomba wageni wasimlishe.

Kiongozi wa msafara, kijana aliyehitimu vizuri, huwaonyesha watoto lango, huwaeleza bega, huwasomea tanbihi. Watoto hupiga miayo. Kisha, kwa kuwa waraka unataka ushirikishwaji, huwapa dakika tano za maswali, na kila Alhamisi, toka shule yoyote ile, hapakosi mmoja anayenyoosha mkono.

"Yule mama kule ndani amekosa nini?"

Kiongozi haruhusiwi kusema uongo kuhusu mahabusu, sheria ya magereza inakataza. "Alifeli swali," hujibu.

"Swali gani?"

"Nani alilifungua lango hili."

"Kwani yeye alijibuje?"

Hapo kiongozi hutazama karatasi yake, hukuta hamna kitu, na huwaambia kwamba hilo halimo katika ziara. Watoto husimama kidogo wakifikiri. Halafu mmoja hujitoa mstarini, na wa pili, na wa tatu, mpaka darasa zima limeketi chini mbele ya nondo, hakuna anayesinzia, na Mwalimu Sihaba huvuta kigoda chake karibu, huwauliza kwanza kama wamekunywa maji, ndipo huwajibu.